Mikono Sita ya Mama Mkwe

Mliponiacha Jumapili iliyopita nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mama mkwe wangu, ndoo mkono wa kulia, bomba pana la plastiki mkono wa kushoto, na sura ya mtu aliyeitwa kuzibua choo.

Kwa wewe uliyenikosa, ngoja nikupe kwa ufupi, maana aibu yenyewe ni ndefu. Mimi ni fundi wa ngozi. Si ngozi ya ng'ombe, ngozi ya watu: ya silikoni, ya filamu na masanamu. Makunyanzi, makovu, vidonda, shingo za wazee. Ukiigusa utatoa pole.

Nilifukuzwa kwenye filamu pale shingo niliyomvalisha mwigizaji ilipobanduka na kutumbukia kwenye sufuria ya supu, kamera zikiwaka. Wiki iliyofuata mke wangu akafungua friji kutafuta maziwa ya mtoto, akakutana na masikio kumi na mawili yamepangwa kwenye sahani. Alimbeba Kibonge wetu, akabeba begi, akaenda kwao.

Nikamfuata. Mama mkwe akanipa sharti moja.

"Mkeo atarudi siku utakapopata kazi ninayoweza kuitaja mbele ya watu bila kucheka."

Na mimi nikaipata! Chuo cha wauguzi kilitaka mikono sita ya silikoni ya kufundishia sindano. Matroni wa chuo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, alinieleza bila kumung'unya maneno.

"Mikono tuliyonayo ina mishipa kama kamba za kuanikia nguo. Mwanafunzi anachoma amefumba macho. Siku akikutana na bibi wa kweli, anazimia yeye kabla ya mgonjwa. Nitafutie mkono wa mtu mzima, mshipa wake uwe unajificha. Na uwe wa kushoto."

Dunia nzima nilikuwa naujua mkono mmoja tu wa namna hiyo. Mama mkwe wangu ni muuguzi mstaafu, na kwao wanasimulia kwamba siku alipolazwa, wauguzi saba walimtafuta mshipa wakashindwa, mwishowe akawanyang'anya sindano akajichoma mwenyewe.

Ndiyo maana nilikuwa mlangoni na ndoo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Mkono wako, Mama."

"Binti nilishakupa mzima mzima. Sasa umerudi kuchukua vipande?"

Nikamweleza kazi. Aliposikia jina la chuo akalegea kidogo, kwa sababu ndicho kilichomfundisha yeye mwenyewe enzi zake. Akakunja mkono wa gauni.

"Haya, chukua wa kulia."

"Matroni anataka wa kushoto, Mama. Anasema dripu huwekwa mkono asioutumia mgonjwa."

Akafungua kinywa abishe, akakifunga. Muuguzi atabishana vipi na jambo alilofundishwa mwenyewe? Akageukia ukuta, akavua mkono wa kushoto wa gauni taratibu, akajifunika mtandio mpaka shingoni.

Nikakoroga ule unga wa madaktari wa meno, ule wa kuchukulia umbo la meno, ukawa uji. Nikaumimina kwenye bomba, nililoliziba chini, naye akaushusha mkono ndani mpaka kwapani. Mimi chini nimepiga magoti, nimelikumbatia bomba lisiyumbe.

"Dakika nane, Mama. Usitikise hata kidole."

"Na pua ikiniwasha?"

"Nitakukuna mimi."

"Thubutu!"

Nikaona ndiyo nafasi yangu. Mama mkwe asiyeweza kuondoka, utampata lini tena?

"Mama, mimi nampenda mwanao."

"Unampenda huku umemwekea masikio kwenye friji."

"Yale masikio yalikuwa ya—"

"Sitaki kujua ya nani!"

Mara mke wangu akatokea uani, Kibonge kiunoni. Akasimama. Akamtazama mama yake aliyezama kwenye bomba mpaka kwapani, akanitazama mimi niliyepiga magoti chini yake.

"Mama, amekunasa?"

"Amenichota akili, mwanangu. Mkono ni nyongeza."

Mke wangu akaziba mdomo kwa kiganja, lakini mabega yalimtikisika. Alikuwa anacheka! Wiki sita sijamwona akicheka. Nilitamani dakika zile nane ziwe mwaka.

Wakati wa kuutoa mkono, bomba likatoa mlio ambao heshima hainiruhusu kuuandika gazetini. Kibonge akapiga makofi. Mama mkwe akaniambia nikikisimulia kitendo kile popote atanilaani, na mimi leo nakisimulia kwa wasomaji wote, kwa hiyo mniombee.

Nikarudi karakana yangu, chumba kimoja nyuma ya duka la kushona. Nikamimina plasta ya jasi pale mkono ulipokuwa, nikasubiri, nikaubomoa ule uji ulioganda. Lo! Mkono wa Mama ule pale mezani, mweupe pe, kila mkunjo mahali pake, kovu la chanjo, ufa wa ukucha wa kidole gumba. Nikajisifu kwa sauti, maana hakuna mwingine wa kunisifu.

Juu ya mkono ule wa plasta nikatengeneza kalibu, na ndani ya kalibu nikamimina silikoni ya mkono wa kwanza, wa majaribio. Ulipotoka ndipo nikakiona. Upande wa ndani, juu kidogo ya kiwiko: kiuvimbe, saizi ya punje ya kunde.

"Kiputo! Mwanaharamu wewe!"

Fundi yeyote wa ngozi angetukana hivyo hivyo. Unga ukinasa hewa kwenye mwili, panabaki tundu. Plasta inaingia kwenye tundu, na wewe unapata kinundu ambacho mwenye mwili hana. Ndicho kinachomtofautisha fundi na mbabaishaji. Nikautupa ule wa majaribio rafuni, nikauchukua mkono wa plasta, nikakikwangua kiputo kwa wembe, nikakipiga msasa mpaka kikasahaulika. Nikatengeneza kalibu mpya.

Mikono mitano ikatoka safi. Nikaipaka rangi tabaka kwa tabaka, wekundu chini, ubuluu wa mishipa, halafu kahawia juu yake. Nikachomeka malaika, vile vinywele vya mkononi, moja moja kwa sindano mpaka macho yakaniuma. Ndani nikapitisha mipira myembamba yenye maji mekundu, nikaizika chini kabisa, ili mwanafunzi atafute mpaka atubu.

Ukabaki wa sita, na glavu zangu za plastiki zikaniishia.

Hapo ndipo Mama mkwe alipoamua kunipenda. Akaniletea boksi zima la glavu za hospitali, zile za mpira mweupe, na ujumbe: "Kazi njema, mkwe wangu." Mkwe wangu! Miaka minne ya ndoa alikuwa ananiita "huyo". Nilizivaa zile glavu kama bwana harusi, nikakoroga, nikamimina, nikaenda kulala nikiimba.

Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua kwamba silikoni na glavu za mpira haziivi chungu kimoja. Vikigusana, silikoni inagoma kuganda. Mimi, miaka tisa kazini, furaha ilinipofusha. Asubuhi nilifungua kalibu nikakuta mkono unanata kama gundi, na nzi wawili wameshanasa, mmoja bado anapiga mbawa.

Saa mbili tu zilibaki niikabidhi mikono chuoni. Nikakimbilia rafuni, nikaushusha mkono wa majaribio, nikaupaka rangi ya haraka haraka. Una kiputo, sawa. Nani atakiona?

Ukumbi wa chuo ulijaa wanafunzi wenye sare nyeupe. Mstari wa mbele, mgeni wa heshima, alikaa Mama mkwe na gauni la mikono mirefu, ingawa joto lilikuwa la kukaanga mtu. Mikono sita ilipangwa juu ya meza, viganja vikitazama juu.

"Mungu wangu," akasema. "Nimekuwa pweza."

Mwanafunzi wa kwanza akasogea, akaushika mkono.

"Samahani, bibi," akauambia.

"Bibi nani?" Mama mkwe akadakia. "Mkono huo bado unafua na kupiga mtu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwanafunzi akachoma, akakosa. Akachoma tena, akakosa. Ya tatu maji mekundu yakaruka, yakamlowesha Matroni viatu. Watu wakapiga makofi mpaka madirisha yakalia.

"Hii ndiyo kazi!" Matroni akapaza sauti. "Nani aliyetengeneza?"

Mama mkwe akasimama. Akanyoosha kidole. Akasema mbele ya ukumbi mzima, bila kucheka, bila hata kutabasamu:

"Mkwe wangu."

Jamani, nililia. Sioni haya kusema. Chozi lilinidondoka hadharani, nikalifuta kwa tai ya kuazima.

Kilichobaki ilikuwa Matroni akague na kuipokea. Akapita mkono mmoja mmoja, anapapasa kwa ncha za vidole kama wanavyopapasa wauguzi, macho yakitazama kwingine. Wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafika wa sita. Vidole vikapanda kutoka kifundoni, vikapita kiwiko, vikasimama.

"Fundi. Hiki nini?"

"Kiputo, Matroni. Hewa tu."

"Mbona hii mingine haina?"

"Niliikwangua."

"Una hakika ni hewa?"

"Matroni, mimi na viputo ni maadui wa miaka tisa."

"Ni hewa," sauti ikatoka mstari wa mbele. "Mkwe wangu ana mikono mizito, msameheni bure."

Alisema haraka mno. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa anavuta mkono wa gauni, anaushusha, anaushusha tena, na tayari ulikuwa umefika kwenye kiganja.

Nikachomoa kioo changu cha kukuzia mfukoni, nikainama juu ya mkono wa sita.

Sikilizeni, maana hili hamtafundishwa shuleni. Kiputo ni laini, hakina alama yoyote. Hewa haina ngozi. Kile kinundu kilikuwa na vitundu vya vinyweleo. Mistari ya ngozi ilikipanda upande huu ikashukia upande ule. Kilikuwa kimechukuliwa kutoka mwilini, kama kovu la chanjo, kama ufa wa ukucha. Wiki mbili nzima nilikuwa nacho karakanani. Nilikitukana, nikakikwangua, nikakipiga msasa, na kumbe ni mwili wa mtu unanieleza jambo.

Nikakirudisha kioo mfukoni.

"Basi?" Matroni akauliza.

Nikamtazama Mama mkwe. Akanikazia macho.

"Hewa," nikasema.

Nilimkuta Mama mkwe kwenye korido, nje ya stoo ya vitanda, amesimama anajipepea na kadi ya mwaliko.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Hewa haina vinyweleo, Mama."

Kadi ikasimama hewani. Nilidhani atanitukana, nilitamani anitukane. Akaegemea ukuta.

"Miezi mitano."

"Kinauma?"

"Kingeuma ningefurahi."

"Hujaenda hospitali?"

"Nimekaa hospitali miaka thelathini na mmoja. Mtu akishatoka gerezani anarudi kusalimia?"

"Mama, mficha maradhi—"

"Usinimalizie!" Akainua kidole. "Hiyo methali niliibandika mimi mwenyewe ukutani pale wodini. Nimewasomea wagonjwa mpaka wakanichukia. Leo ndiyo nimejua walivyokuwa wananiona."

Akaishusha kadi. Aliporudi kusema, sauti ilikuwa ndogo, sikuijua.

"Sindano siogopi, Baba Kibonge. Naogopa karatasi ya majibu."

Mtu huyu nimemwogopa miaka minne, na sikuwahi kufikiri kwamba naye anaogopa kitu.

Kisha akajikung'uta, akawa Mama mkwe tena.

"Sasa nisikilize. Nilitoa neno, na kazi yako nimeiona. Mkeo anarudi kwako leo hii. Lakini akijua habari ya mkono, hatoki kwangu. Unamjua. Atakaa ananikanda na kuniombea mpaka mmoja wetu azeeke, na mimi ndiye niliyezeeka tayari. Utamkosa kabisa."

"Na hospitali?"

"Nitakwenda kwa wakati wangu."

"Wakati gani, Mama?"

"Wangu, nimesema. Wewe kazi yako si vitu vya bandia? Basi jitengenezee uso mmoja wa bandia, uuvae leo jioni. Mwache mwanangu atulie nyumbani kwake."

Nitawaambieni ukweli, maana ninyi ndio mnaonisoma: nilifurahi. Mama wa watu ana kinundu mkononi, amekificha miezi mitano, na mimi pale koridoni moyo unaniruka kwamba mke wangu anarudi. Nikamwambia, "Sawa, Mama." Hata sekunde mbili sikuzipoteza. Niliwahi kudhani mimi ni mtu mwema.

Nilikimbia nyumbani nikafagia mpaka chini ya kitanda. Friji nikaiosha kwa maji ya moto, nikaijaza maziwa tu, maziwa kila rafu. Mto wake nikaupiga piga vumbi.

Saa kumi alasiri wakafika. Kibonge akanirukia, akanishika ndevu kwa mikono miwili, hataki kuachia. Nikamzungusha hewani mpaka akacheua begani kwangu, na hata hilo nililipenda. Mke wangu akasimama mlangoni, anatazama nyumba ilivyong'aa.

"Friji je?"

"Kafungue."

Akafungua. Akatazama maziwa. Pembe ya mdomo ikamcheza.

"Nani atayamaliza yote haya?"

"Nitayanywa mimi. Nitayaoga. Karibu nyumbani, Mama Kibonge."

Nikanyoosha mkono nimpokee begi. Hakulitoa. Akaliburuta mpaka katikati ya chumba, akaliweka sakafuni, akakaa juu yake. Viti vinne vimepangwa vizuri, yeye kakaa juu ya begi.

"Mbona hukai kwenye kiti?"

"Nina swali kwanza."

Akafumbua kiganja. Ndani mlikuwa na herini mbili za dhahabu, ndogo, za zamani.

"Unazijua?"

"Za Mama."

"Alivalishwa na baba siku ya harusi yao. Hajawahi kuzivua. Baba alipofariki wakamwambia azivue, akawafukuza chumbani. Leo karudi kutoka chuoni kwenu, kakaa sebuleni, kazivua moja baada ya nyingine, kanipa. Anacheka. Anasema zinamwasha masikio."

Nikamweka Kibonge chini.

"Nikamuuliza, Mama, kuna nini? Akasema nenda kwa mumeo. Nikarudia. Akasema nenda kwa mumeo, ni mtu wa maana yule. Mama yangu, kukusifu wewe! Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli." Akafunga kiganja. "Sasa nimekuja kwa mume wangu. Wewe unatengeneza mikono ya uongo, shingo za uongo, lakini uongo wa mdomoni huuwezi, nilishakujua zamani. Mlikuwa naye leo. Mama yangu ana nini?"

Nikisema hana kitu, begi litafunguliwa. Nguo zitaingia kabatini, Kibonge atalala katikati yetu, na kule kwake Mama atausubiri huo wakati wake. Nikisema kweli, atanyanyuka na begi hilo hilo, na sijui kama nitaliona tena mlangoni kwangu.

Kibonge akaja kwa magoti, akashika zipu ya begi, akaanza kuivuta. Mama yake hakumzuia. Alikuwa ananitazama mimi.

"Kaa chini kwanza, mke wangu," nikamwambia.

"Nimekaa."